Nywele Alizozijua Mama

Wateja walimbatiza jina Mkono Mwepesi, na hakuna aliyebisha, maana ukikaa kwenye kiti cha msusi huyu unaweza kusinzia mpaka akamaliza kichwa kizima. Kwa miaka kumi na miwili amewapaka watu dawa nyeusi ya nywele, wakiwemo wazee wanaotaka kuoa tena. Kumbe na zamu yake ilikuwa njiani. Alipotimiza miaka thelathini na mmoja zilimtoka mvi mbili tatu juu ya paji, na mwaka haukuisha kichwa kikawa cheupe kama kimemwagiwa unga.

Kila mtu alikuja na sababu yake. Jirani alisema ni mawazo. Mteja mmoja mjuaji akasema ni sabuni. Shangazi ndiye aliyekata mzizi wa fitina.

"We mtoto, usijisumbue. Sisi kwetu mvi zinatuwahi. Hata baba yako zingempata, basi tu alituacha mapema."

Daktari naye alisema hayo hayo kwa maneno marefu: ni damu ya ukoo, hakuna kidonge.

Angekuwa peke yake angecheka, akanyoa, akaendelea na kazi. Lakini alikuwa na mama. Tangu mama aanze kusahau, watu walimpotea mmoja mmoja, wanawe wa kiume kwanza, kisha majirani. Binti alibaki, na alibaki kwa nywele tu. Kila jioni mama alizipapasa akasema, "Hizi nimezisuka mimi. We ni wangu." Kwa hiyo Mkono Mwepesi akawa anajipaka dawa kila baada ya wiki mbili, mizizi isije ikamsaliti.

Halafu akafanya kosa la wasusi. Mteja mgeni yeye humpaka kwanza tone la dawa nyuma ya sikio, akamwambia arudi kesho kama hajawashwa. Lakini muuzaji alipomletea dawa ya aina nyingine, yeye mwenyewe alijipaka kichwa kizima haraka haraka, kati ya mteja na mteja. Fundi ajipime? Kufikia jioni uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki.

"Usiguse tena dawa ya kutia nywele rangi, ya aina yoyote," daktari alimwambia. "Safari ijayo utakosa pumzi."

Akajaribu wigi. Mama alilivuta, likambakia mkononi, akapiga yowe nyumba nzima ikatetemeka. Akajaribu kilemba. Mama alikifungua kutafuta nywele, na weupe wa mizizi ulikuwa umeshashuka hadi masikioni. Kuwasuka watu mji mzima anaweza, hili la kwake lilimshinda, na akalia chooni kimya kimya ili mama asisikie.

Asubuhi moja aliingia chumbani na uji. Mama alijiweka sawa nguo, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo."

"Mama, ni mimi."

"Nakushukuru, mama yangu, lakini sili. Namsubiri binti yangu. Ukimkuta huko njiani utamjua tu, nywele zake nyeusi tii. Mwambie asikawie."

Aliuweka uji mezani.

"Marahaba," akaitikia. "Nitamwambia."

Akaketi kando ya kitanda, wakamsubiri wote wawili.