Nilivyoukata mkorosho wa kwanza wa Mzee Chilumba ili njia yake inyooke

Wakuu, marahaba tangulizi, maana humu sidhani kama yupo wa kunizidi umri.

Hii siyo chai ya kutunga. Natamani ingekuwa chai.

Miaka ya hamsini, Ruponda, Nachingwea. Mradi wa karanga wa Wazungu ulikuwa umekufa, nami nimerudi kijijini. Kule mradini nilikuwa nawashikia wapima ardhi kamba na vigingi. Kijana wa miaka ishirini, kaptula ya kaki, maringo hadi kero.

Mzee Chilumba alikuwa amefariki. Ndiye aliyevuka Ruvuma na mbegu za korosho kwenye kitambaa. Nani hakumcheka? Wote walimcheka. Kisha akagawa miche bure mpaka kila nyumba ikawa na mikorosho.

Wazee wakaamua ikatwe njia ndani ya shamba lake, kutoka barabarani hadi kaburini, watu wapite wakimkumbuka. Mjane wake, Bi Somoe, akanikabidhi kazi mwenyewe.

"Wewe ndo mpimaji, mwanangu. Nakuamini."

Akaenda msibani Malolo.

Nikavuta kamba. Kule kwenye karanga nilijifunza kitu kimoja tu: kilichokaa kwenye mstari kinaondoka. Na mkorosho mmoja mzee, umepinda hadi unalalia ardhi, ulikaa kwenye mstari.

Sikuuliza mtu. Nikaukata, nikang'oa na kisiki, nikafukia shimo.

(Jirani alipita akasimama kuniangalia. Nikadhani anastaajabia ufundi. Jinga mimi.)

Bi Somoe aliporudi alisimama palepale.

"Mti uko wapi?"

"Kamba ilipita hapo, mama."

Kamba! Utadhani kamba ndiyo iliyoshika shoka.

"Huo ndo wa kwanza. Mikorosho yote hii imetoka kwake," akasema taratibu. "Sasa njia yako inampeleka mtu akaone nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kukunja kamba yangu.

Siku ya kwanza kuipita njia, yeye alitangulia. Alipofika pale akazunguka, kama vile mti bado upo. Waliomfuata nao wakazunguka. Ikawa hivyo miaka yote, mpaka mstari wangu ukaota majani.

Bi Somoe alifariki sijamwomba radhi. Aibu hii nimezeeka nayo.

Nilichojifunza: ukipewa kazi ya kumuenzi mtu, weka kamba chini, kawaulize kwanza waliolima naye.

Wenye makosa kama yangu yamwageni hapa, tusaidiane kuyabeba. Wa kunichamba nao waje, sijifichi.

Na mkipita Ruponda mkaona njia imekata kona bila sababu, sababu ni mimi.