Mama Alipompisha Mkwe

Mimi ni mtu wa kucheka, lakini nikisikia "kwa hiari yake" damu hunichemka.

Ghala la ushirika la kwetu Ndandalo lilipouzwa kwa mtu binafsi, tulishangilia. Mimi nilizidi. Nilidhani biashara itachangamka, nikawa nikiota hoteli pale bandarini Itungi, mama akikaanga samaki, mimi nikipokea abiria wa meli. Mwenye ghala mpya akafunga mashine ya kukoboa mpunga. Mlangoni akaacha ujia mwembamba, na kando yake shimo la pumba lililofunikwa kwa mbao zilizooza. Akatundika kibao: PITA NJIANI.

Siku moja mama anaingia na mpunga kichwani, babu anatoka. Babu ni baba yake baba, na kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hukaa kando, uso chini, tena upesi. Mama akakaa kando. Mbao zikakatika, naye akavunjika mguu.

Tulimwomba mwenye mashine ampeleke hospitali Mbeya. Akakataa, tukaenda baraza la kata.

"Kibao kilikuwapo?" mwenye mashine akatuuliza mbele ya wazee.

"Kilikuwapo."

"Na njia?"

"Ilikuwapo."

"Sasa nani alimsukuma?"

Shahidi wetu alikuwa babu. Alipobisha hodi tu, mama akashika fimbo akajikokota hadi mlango wa nyuma, maana hawakai chumba kimoja.

"Mnaona, wazee wangu?" mwenye mashine akasema. "Hata hapa katoka mwenyewe. Mama huyu na njia hawapatani."

Wazee wakacheka. Wale wale ambao wake zao hujitupa migombani wakimwona mkwe!

"Alinipisha mimi," babu akasema. "Asingenipisha mngesema hana adabu."

Mwenyekiti akajibu kwamba mila ni nzuri, ila mwenye mashine hakuileta yeye. Mama aliiacha njia kwa hiari yake. Hadai kitu.

Nikasimama. "Mzee, mbao mbovu nazo zilijiweka kwa hiari yake nani?"

"Keti, kijana. Usitufundishe kazi."

Sikuketi. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamkuta mama ameegemea ukuta, mguu umevimba kama gogo la mgomba. Nilidhani ataniuliza wameamua nini.

"Babu yako ameshaondoka?" akanong'ona. "Hebu nichungulilie kwanza, mwanangu, nisije nikamkuta mbele."