Mama Aliyepita Umri

Mwaka 1996, watu wa takwimu walipofika kijijini kwao, nje kidogo ya Runzewe, Mbuke alifagia uwanja mara mbili na kujifunga khanga yake ya kutokea. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wanaulizwa habari za kila mtoto waliyemzaa, awe hai au awe amekufa. Yeye hakuna aliyemuuliza neno tangu amzike wa mwisho. Ukimwi ulimmalizia wanawe wote: Jilala na Januari walirudi kutoka machimbo ya Geita wakiwa mifupa mitupu, na Kabula akawafuata akiwa bado ananyonyesha. Misiba ilipokwisha, majirani walikata shauri kwamba adabu ni kunyamaza. Adabu ya namna hiyo inachoma kuliko matusi, lakini nani atawaambia?

Mdadisi alikuwa binti wa Shinyanga mjini aitwaye Generosa, mpole, viatu vimejaa vumbi. Alimwamkia shikamoo, akauliza ni nani na nani waliolala humo usiku uliopita. Mbuke akawataja wajukuu zake, akajitaja na yeye. Alipoulizwa umri alisema ana miaka arobaini na minane, maana jirani yake Eunice alikwisha kumnong'oneza kuwa mwanamke akivuka arobaini na tisa hahojiwi.

Generosa alimtazama kidogo, akamuuliza kama anaikumbuka vita ya Hitla. Hapo bibi akajisahau. Kumbukumbu ndiyo ilikuwa fahari yake, basi akaeleza kwa madaha jinsi baba yake mdogo alivyochukuliwa kwenda vitani, yeye mwenyewe akiwa malishoni anachunga ndama. Alipoishtukia kauli yake, ilikuwa imeshatoka.

"Umri umepita, mayu," Generosa alisema taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Utaratibu wetu hauniruhusu. Humu hakuna mwanamke wa kuhojiwa."

"Angekuwepo Kabula. Niulize mimi badala yake. Majibu yake yote ninayo."

Generosa aliinamisha uso. Alisema wanahojiwa walio hai tu, akaomba radhi, akaenda kwa Eunice.

Nyumba hizo mbili zilitenganishwa na ua wa minyaa, na sauti zilipenya bila shida. Mbuke alibaki kwenye kigoda chake, moyo unamuuma kama kidonda kilichotoneshwa. Eunice alikuwa mke kijana, mwenye mtoto mmoja mgongoni. Aliulizwa kama amewahi kuzaa mtoto aliyekuwa hai kisha akafariki. Akasema hapana.

"Ndiyo," Mbuke alijibu upande wa huku, kwa sauti ya chini.

Generosa akauliza majina ya watoto, akianza na wa kwanza. Eunice alitaja jina moja, mahojiano yakasonga mbele. Mbuke alisema Jilala, akasema Januari, akasema Kabula, kisha akangoja aulizwe walikuwa watoto wa namna gani.