Hewa Ndani ya Beseni

Juzi mjukuu wangu alikuwa anaoga, akafudikiza bakuli juu ya maji na kuligandamiza. Likaguna: bwaa! Nikashika kidevu changu kabla sijajua ninashika nini. Kovu bado liko hapo, ndugu zangu, na mlio huo naujua.

Mama yangu alipokufa, baba alinitoa Lubondja, kijiji cha milimani, akaniacha mjini Baraka, kando ya ziwa, kwa dada yake. Ni miaka ile Wabelgiji wakingali mabwana. Mimi nilijua mihogo na vijito vya kufika gotini, ziwa lilinitisha. Nilimwita yule mwanamke Shangazi. Faida, binti yake, alimwita Mama, nami nililitamani neno hilo kama mwenye njaa anavyotamani chungu cha jirani.

Wasichana wa pale walijifunza kuogelea kwa beseni. Ukilifudikiza na kulishusha polepole, mdomo wote ukagusa maji kwa pamoja, hewa inabaki ndani. Unalilalia kifua, unapiga miguu, unakwenda. Niliona, nikadhani nimeelewa. Hewa inabeba mtu, basi.

Siku moja Shangazi alikuwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo, mchangani. Faida akanipandisha mwambani na beseni la mama yake.

“Likumbatie, mdomo chini, uruke,” akasema. “Hewa itakubeba.”

“Na nikizama?”

“Aka! Mutoto wa mulima iko na woga sana. Batoto ba Mama habaogope maji.”

Hapo aliniweza. Nikatazama chini. Shangazi alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, ananiangalia. Nikajua anangoja kuona kama mimi ni mtoto wake. Nikakumbatia beseni, nikaruka.

Jamani! Hewa ile haikuwa na pa kutokea. Ukiilalia polepole ni mto. Ukiiangukia ni jiwe. Beseni lilinigonga kifua, pumzi ikakatika, ukingo ukanipasua kidevu. Kule mwambani Faida na wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Nikameza maji, nikaona damu yangu ikielea, kisha nikamwona Shangazi anakimbia, anaingia ziwani na nguo zake zote. Kifua kiliwaka moto, lakini furaha niliyokuwa nayo! Anakuja!

Nikanyoosha mkono. Akanipita.

“Beseni yangu!” alilia. “Yoo, beseni yangu inazama!”

Ni Faida aliyenivuta, kwa nywele, huku bado anacheka.

Jioni hiyo nilipiga magoti nikamwomba Shangazi msamaha. Kwa miaka mingi nilijilaumu: kitu cha thamani namna ile, nami nimekitupa ziwani! Niliolewa, nikawa na mabeseni yangu. Yalitoboka, yaliibwa, nikapata mengine. Kisha siku moja mwanangu aliteleza ufukweni, beseni likachukuliwa na mawimbi, nami nikajikuta nimemkumbatia, nampapasa kichwa, mikono, meno. Beseni hata sikuligeukia. Hapo ndipo nilipomchukia Shangazi kwa mara ya kwanza, naye alikuwa amekwisha kufa.