Safu ya Mbele

Asubuhi yao ya mwisho, fundi seremala na mkewe walikunywa chai uani kama kawaida. Mkewe, juu ya kigoda chake kifupi, akapigapiga nyayo sakafuni.

"Miguu imefika, fundi."

"Imefika, mama."

Ulikuwa utani wao wa tangu ujanani. Mchana mkewe akajilaza, na usingizi ukamchukua moja kwa moja.

Utani huo ulizaliwa bungeni. Viti vya ukumbi ule aliviunda fundi mwenyewe, akavipima kwa miguu yake, mirefu kama nguzo. Wabunge wote walikuwa wanaume. Nani angewaza vingine? Kisha mkewe, mshona nguo, mfupi wa kimo lakini si wa maneno, akachoka kusikia wazazi wanajifungulia njiani. Akagombea ubunge ili hospitali ya uzazi ijengwe. Akashinda, mwanamke wa kwanza humo.

Jioni ya kwanza alirudi amenuna.

"Kulikoni? Wamekutukana?"

"Afadhali wangenitukana. Kule anayewahi kusimama ndiye anayepewa nafasi. Mimi kwenye kiti chako naning'inia kama nguo kambani. Mpaka nishuke, wanaume wameshasimama. Hospitali nimerudi nayo mdomoni, na kesho mjadala unafungwa."

"Sasa ningejuaje kama utakuja kukalia wewe?"

"Ungeniuliza. Si nilikuwa nakupikia humu humu?"

Fundi akacheka. Mkewe akajikaza, akashindwa, wakacheka wote mpaka wakashika mbavu.

Alfajiri, kwa ruhusa ya spika, bawabu aliwafungulia ukumbi. Fundi alikuja na msumeno.

Siku hiyo mkewe alisimama kabla ya wote. Waheshimiwa wa safu ya mbele, magoti yamewafika kidevuni, walibaki wakihangaika kunyanyuka. Hospitali ikajengwa, na wajukuu wao wote wamezaliwa humo. Safu ile nayo ikaja kujaa wanawake. Ndio waliokuja kumzika, wakaketi uani kwa fundi wakisimuliana vituko vyake, na kilio kikachanganyika na vicheko.

Fundi bado anaiona alfajiri ile. Amekilaza kiti, ameweka alama ya penseli, bawabu anasema kimoja kinatosha, mheshimiwa ni mmoja. Mkewe, ameshikilia mguu wa kiti usicheze, akasema:

"Kata safu nzima, fundi. Wenzangu wako njiani."