Shairi Nililolisoma Kwenye Bakuli la Kijapani

Ngo, ngo, ngo. Niliusikia mlio huo kabla sijaingia kwenye zahanati yetu ya Kanazi. Ndani, Bibi Anastazia, mfinyanzi, alikuwa akigonga kwa kidole bakuli kuukuu ambalo nesi wetu Mjapani huliweka dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Halina ufa hili, na limefinyangwa na mwanamke. Haya maandishi yanasemaje, mwalimu?"

Kijiji kizima kinajua kwamba ninaandika riwaya. Ningesemaje kwamba sijui kuyasoma? Tena nilijua mwanawe yuko vitani, ng'ambo ya mto. Nikapitisha kidole juu ya mikwaruzo ile, nikasoma kwa sauti nzito: "Aliyevuka mto atarudi maharage yakichanua."

Bibi akafuta machozi. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi nimsomee tena, nami nilisoma bila haya.

Jumamosi ya nne nesi alitukuta.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili safi, "hilo ni shairi la mtawa wa Kibudha wa zamani. Analalamika kwamba paa lake linavuja."

Uso uliniwaka, lakini sikuomba radhi. Shairi langu lilikuwa zuri kuliko paa lake, na hadi leo nasema hivyo.

"Kumbe ni lako?" bibi akauliza.

"Langu, bibi."

"Basi kesho njoo uliandike kwenye chungu changu kabla hakijakauka. Na uweke jina lako, nijue nitakayemdai mwanangu."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.