Siku Niliyokunja Kanga ya Bibi Felista

Aibu hii nimeificha miaka mingi. Biashara ilipofunguliwa, wachuuzi wa Mbinga walianza kupita ziwani kwa boti kwenda Msumbiji. Mimi, mwalimu niliyeacha seminari katikati, nikajipa kazi ya kuwafundisha Kireno. Kireno chenyewe nilikitoa kwenye kamusi kuukuu. Nilichokijua kweli ni Kilatini cha marehemu padre wetu, ambaye hadi leo nikisikia chaki ikikwaruza ubao namkumbuka.

Siku hiyo tulikuwa Mbamba Bay tukisubiri boti. Nikawafundisha kitenzi "chegar", yaani kufika.

"Kimetokana na 'plicare' ya Kilatini, kukunja," nikasema. "Baharia akifika, anakunja tanga."

Pembeni alikaa Bibi Felista, muuza dagaa. Nikampa shikamoo, nikaazima kanga yake ya begani, nikaikunja taratibu kama padre akunjavyo kitambaa cha altare. Wanafunzi wakapiga makofi.

"Umeelewa, bibi?" nikauliza kwa sauti ya darasani.

"Nimeelewa, mwalimu. Mimi kwetu ni huko Msumbiji, Kireno nilikisoma kwa masista. Tulipokimbia vita nilipiga kasia kwa sahani, wanangu wawili miguuni. Tulipogusa mchanga huu nikawaambia, 'Chegámos,' tumefika. Tanga la kukunja hatukuwa nalo."

Wanafunzi wangu wakainuka mmoja mmoja, wakaenda kukaa karibu naye. Kanga nilikuwa nayo bado, nimeikunja vizuri sana.